Kwa Mpwa Wangu Anayejengewa Pua

Mjomba,

Jana umenitumia picha mbili kwa simu. Ya kwanza ni ya uso wako. Umeipiga usiku kwa taa ya chooni, kidevu juu, barakoa umeishusha hadi mdomoni. Sehemu kubwa ya ncha ya pua haipo, na ukingo wa tundu la kushoto umebaki barabarani. Ya pili ni ya mwigizaji wa filamu za nje, na chini yake umeandika, "Waambie nataka hii." Nimezitazama zote mbili, nikavua miwani, nikacheka. Usinune. Katika miaka 31 niliyosimama thieta nikimpa daktari visu na nyuzi, karibu kila kijana aliyepoteza pua alikuja na picha ya mtu mwingine.

Sikukujibu kwa simu kwa sababu mambo haya hayaenei kwenye ujumbe wa mistari miwili. Nakuandikia kama mjomba wako na kama muuguzi mstaafu. Ukichoka kumsikiliza mmoja, msikilize mwingine.

Kwanza hiyo picha. Daktari hana haja na pua ya mwigizaji. Anachotaka ni picha yako wewe ya kabla ya ajali ya pikipiki: ya kitambulisho cha taifa, ya kidato cha nne, hata ile ya harusi ya dada yako uliyokenua meno yote. Atataka kuona ncha yako ilikuwa nene kiasi gani, matundu yalitanuka vipi, mwamba wa pua ulianzia wapi kati ya macho. Pua ya mgeni ikipachikwa katikati ya mashavu ya ukoo wetu itaonekana kama mlango wa Zanzibar uliofungwa kwenye kibanda cha chipsi. Tena wewe una bahati ambayo wengi hawana: upande wa kulia umesalimika. Huo ndio watakaoutazama kila wanapokata upande wa kushoto.

Sasa pua yenyewe. Umeibeba miaka 23 na hujawahi kuiuliza imeumbwaje. Wewe unaona ngozi; mpasuaji anaona tabaka tatu. Ndani kuna utando mwororo wenye unyevu, huo ni kama bitana ya koti. Katikati kuna kiunzi: juu mfupa, chini gegedu, kitu kile kile unachokikunja ukishika sikio. Nje ndiyo ngozi. Lami ilichukua zote tatu, na zote tatu lazima zirudi. Babu yako alikuwa fundi wa majahazi pale Pangani, na mtu akisifu mbao za chombo yeye aliinama kukagua mataruma. Ukibandika ngozi tupu kwenye pua iliyobomoka, mwezi wa kwanza utapongezwa. Baadaye kovu linaanza kuvuta, ngozi inajikunja, na kila unapovuta pumzi tundu linajifunga kama mdomo wa mfuko wa nailoni. Nimewapokea waliofanyiwa hivyo. Walikuja wakipumua kwa mdomo, na kazi yote ikaanza upya, safari hii juu ya makovu.

Gegedu la kujengea linatoka mwilini mwako mwenyewe. Kwako wametaja sikio, na mama yako anasema hukulala usiku ule ukidhani utabaki na sikio moja. Shika sikio lako sasa hivi. Ukiingiza kidole karibu na tundu utakuta kibakuli. Kipande kinatolewa hapo, mara nyingi kwa kupitia nyuma, na sikio linabaki limesimama kama lilivyokuwa. Kipande hicho kimeshapinda tangu uzaliwe, kwa hiyo kinakaa vizuri kwenye ukingo wa tundu la pua. La ajabu ni kwamba ukingo huo kwa maumbile yake hauna gegedu hata chembe. Ni ngozi na nyama ngumu yenye mafuta. Lakini ukijengwa upya bila gegedu, unapanda juu na kujikunja. Mwenyezi Mungu ameusimamisha bila nguzo, binadamu hawezi. Jambo moja tu umwambie daktari mapema: kama ulipojikata zamani kovu liliota nyama na kuvimba kupita jeraha lenyewe, mwoneshe hilo kovu. Nyuma ya sikio ni mahali panapopenda tabia hiyo.

Kama mwamba wote ungekuwa umebomoka wangekwenda ubavuni. Gegedu la ubavu ni imara, lakini lina tabia ya mti mbichi: ukilichonga upande mmoja, linapinda. Nimemwona daktari mmoja akichonga kijiti cha urefu wa kidole cha mwisho, akakitia kwenye bakuli la maji ya chumvi, akavuta kigoda akaketi kukitazama. Sisi wote kimya, mgonjwa kalala, mashine inalia taratibu. Baada ya robo saa kijiti kikawa kimekunja mgongo. Akakiweka kando bila kusema neno, akachonga kingine kutoka katikati kabisa ya kipande, akakitia majini, akakaa tena. Mtu mwenye haraka angekishona kile cha kwanza, na mgonjwa angegundua upogo wake baada ya miezi sita.

Tena gegedu halina mishipa ya damu ndani yake. Linaishi kwa kunyonya unyevu wa nyama iliyolizunguka. Kwa hiyo ukiliviringishia ngozi isiyo na damu ya kutosha, linakufa, linaoza, linatoka usaha. Linataka blanketi lenye damu inayotembea, na blanketi hilo, mjomba, ni paji lako la uso.

Najua hapa ndipo uliposema "hapana" mbele ya daktari. Mtu amepoteza pua, mnataka kumharibia na paji? Lakini fikiri. Ngozi ya paja ina rangi nyingine na ulaini mwingine. Ikikaa puani huonekana kama kiraka hata kwa mtu anayepita na baiskeli. Paji ni jirani wa pua: jua lile lile, unene unaokaribiana, mafuta yale yale. Na karibu na mwanzo wa unyusi, upande wa ndani, kuna mshipa wa damu unaopanda kuelekea kwenye nywele. Watachora kwenye paji umbo la ngozi inayotakiwa, watalikata kulizunguka, ila chini kwenye unyusi wataacha shina jembamba, upana wa kidole hivi, ambamo mshipa unapita. Kisha wanakigeuza kipande, wanakishusha, wanakishona puani. Paji nalo linavutwa na kushonwa. Sehemu ya juu karibu na nywele isipokutana, inaachwa wazi na kupakwa dawa, na inajifunga yenyewe baada ya wiki kadhaa. Kovu linabaki, sikufichi. Kwa watu wazima wenye mikunjo hujificha kwenye mikunjo, kwako litaonekana kidogo zaidi. Hakuna hata mmoja niliyemwona mtaani akitazamwa kovu la paji. Watu hutazama pua.

Lile shina sisi thieta tulikuwa tukiliita kikonyo, kama cha embe. Likumbuke neno hilo, maana utakaa na kikonyo hicho wiki tatu hivi kabla hakijakatwa.

Usidhani jambo hili limezaliwa na watu wenye mashine. India ya kale watu walikatwa pua kama adhabu, na kitabu cha tiba cha Sushruta, kilichoandikwa kwa Kisanskriti, kinaeleza kupima pua kwa jani la mti na kuchukua nyama ya shavu kwa kipimo cha jani hilo. Huko Bologna, Italia, daktari Gaspare Tagliacozzi aliandika kitabu kizima, kilichochapishwa mwaka 1597, juu ya kutumia ngozi ya mkono: mkono ulifungwa usoni, kiganja juu ya kichwa, mgonjwa akakaa hivyo majuma kadhaa hadi ngozi ishike. Ukilalamika wiki tatu za kikonyo, mkumbuke huyo aliyelala akijinusa kikwapa.

Kisa ninachokipenda mimi ni cha Cowasjee. Alikuwa mwendesha maksai wa jeshi la Waingereza huko India, katika vita vya mwaka 1792 dhidi ya Tipu Sultan. Alitekwa, akakatwa pua na mkono mmoja. Akaishi hivyo karibu mwaka mzima. Halafu, karibu na Poona, mtu wa tabaka la wafyatua matofali akamtengenezea pua. Hakuwa na cheti cha chuo chochote cha Ulaya. Alichukua nta, akaifinyanga kuwa pua, akaiweka pale palipokosa, kisha akaibandua na kuilaza bapa juu ya paji, akachora kuizunguka. Akakata, akageuza, akashusha. Habari ilichapishwa London, kwenye Gentleman's Magazine la Oktoba 1794, pamoja na picha ya Cowasjee akiwa na pua yake mpya. Daktari mmoja wa London, Joseph Carpue, akaisoma, akajizoeza juu ya maiti, na mwaka 1814 akamfanyia askari mmoja. Nusukaputi ilikuwa haijajulikana. Yule askari alilala macho wazi.

Ile nta ya Poona nimeiona kwa macho yangu, ila siku hizi ni karatasi ya bati. Uzi wa kushonea huja ndani ya pakiti yenye karatasi ngumu inayong'aa. Daktari wetu aliifungua, akanirudishia uzi, akabaki na karatasi. Akaikandamiza kwenye upande mzima wa pua, akaikata kwa mkasi mdogo mpaka ikafuata ukingo, akaigeuza iwe ya upande wa pili, akailaza kwenye paji la mgonjwa na kuchora kwa kalamu ya zambarau. Karatasi ya takataka ndiyo iliyokuwa kigezo. Nikatabasamu ndani ya barakoa yangu, nikamkumbuka mfyatua matofali.

Kuna jambo jingine litakushtua, afadhali ulisikie kwangu. Daktari anaweza kukuambia kwamba ngozi nzima iliyobaki kwenye ncha nayo ataiondoa. Utasema huyu ameanza kuongeza hasara. Hapana. Mwaka 1985 madaktari wawili wa Marekani, Burget na Menick, waliandika kwamba jicho la mtu halisomi pua kama kitu kimoja. Linasoma vipande: mwamba, mbavu mbili, ncha, mabawa mawili, na vingine vidogo, kila kimoja na mpaka wake wa kivuli na mwanga. Kiraka kikikaa katikati ya kipande, jicho linakinasa. Kovu likipita kwenye mpaka, jicho linadhani ni kivuli. Ndiyo maana wengi hushika kanuni kwamba kipande kikipotea zaidi ya nusu, ni bora kubadilisha kipande chote. Ukisikia hivyo usigombane. Muulize tu, "Mpaka utapita wapi?" Atafurahi umeuliza.

Sasa zile wiki tatu.

Utaamka na kitu kama mkonga mdogo kinachoning'inia kutoka kwenye unyusi hadi puani. Nyuma yake ni nyama mbichi inayovuja majimaji na damu kidogo. Itaviringwa gozi lenye mafuta na utabadilishiwa. Jicho moja litavimba. Miwani haikai. Utalala kichwa juu, hutapenga kamasi, hutainama kufunga viatu, hutabeba hata ndoo. Pua yenyewe itakuwa nene kama kiazi. Na kuna kichekesho: mishipa ya fahamu ya kipande kile bado inaripoti kwa jina la zamani. Inzi akitua puani, utahisi anatembea kwenye paji. Mzee mmoja wa Lushoto alijipiga makofi ya paji siku nzima, wodi ikacheka, na yeye akacheka kwa uangalifu asiachie mishono.

Karibu wiki ya pili utaanza kumwomba daktari akate kikonyo. Wote huomba. Kipande kimeshashika, mishono imetolewa, kwa nini mtu atembee na mkonga? Kwa sababu hapo kipande bado kinakula nyumbani kwao. Mishipa midogo kutoka kwenye pua inaingia ndani yake siku baada ya siku, na huwezi kuiona. Yule wa Poona alingoja karibu siku 25 kabla ya kukata, na hospitali za leo zenye kila kifaa zinangoja wiki tatu hivi. Zaidi ya miaka 200 imepita na nyama haijajifunza haraka. Wapo madaktari wanaoongeza hatua ya kati: wiki ya tatu au ya nne wanainua ngozi, wanapunguza mafuta na kuchonga kiunzi, wanairudisha, na kukata kikonyo karibu wiki ya sita. Wakikupangia hivyo, kubali. Ni muda mrefu wa kutazamwa, lakini pua huwa nyembamba na nzuri zaidi. Kikikatwa, kipande cha chini kinarudishwa kwenye unyusi ili nyusi zako zikae sawa.

Kwa hiyo umbo livumilie. Usilihukumu wiki ya pili, wala mwezi wa pili. Lakini sikukuambia uvumilie kila kitu, na hapa nakupa jambo ambalo sijawahi kumwambia mama yako.

Nilikuwa na miaka 27, zamu ya usiku, wodini. Kulikuwa na kijana wa umri wako mwenye kikonyo cha siku ya kwanza. Kama saa sita usiku aliniita akasema bandeji inambana kwenye unyusi. Nilikuwa nimechoka, wagonjwa wengi, mimi peke yangu. Nikamwambia, "Vumilia, kaka, operesheni kubwa lazima iume." Aliponiita tena saa nane nikamjibu kwa mkono tu, kutoka mlangoni. Saa kumi na moja alfajiri nikafungua bandeji. Kikonyo kilikuwa kimekabwa, na ncha ya pua mpya ilikuwa baridi kama samaki wa kwenye barafu. Nikalegeza kila kitu, nikakimbia kumwita daktari. Sehemu kubwa iliokoka. Ncha ilikuwa nyeusi baada ya siku nne, ikakauka, ikadondoka, na gegedu chini yake likafuata. Yule kijana alikwenda nyumbani na pua fupi. Hakunilaumu, kwa sababu hakujua kwamba ni mimi. Mimi nilijua, na nilipohamishiwa thieta mwaka uliofuata nilikwenda na pua yake kichwani.

Kwenye ngozi yetu nyeusi kugundua ni kugumu zaidi. Vitabu vinasema tazama rangi: ikipauka, damu haifiki, ikiwa zambarau, damu haitoki. Kwetu rangi inachelewa kusema. Niliwafundisha wauguzi waliokuja nyuma yangu wasitegemee macho pekee: weka mgongo wa kidole, sikia joto, bonyeza, uone inarudi haraka au polepole, ukiwa na shaka muite daktari achome sindano nyembamba atazame damu inayotoka ni nyekundu au nyeusi. Wewe mgonjwa una kifaa kimoja tu, mdomo. Ukihisi kubanwa, ukihisi maumivu yanayopanda badala ya kushuka, ukiona uvimbe umekuja ghafla, ita. Muuguzi akikuambia vumilia, mwambie afungue atazame. Akikataa, piga kelele wodi nzima iamke. Mwambie mjomba wako alikuwa muuguzi na amekuagiza.

Na sigara. Mama yako anadhani umeacha. Juzi ulipokuja kunisalimia ulinuka. Moshi unabana mishipa midogo, ile ile tunayoitegemea, na daktari anayejiheshimu atakutaka uache wiki nne kabla ya kukata na usiiguse mpaka kazi yote imekwisha. Sigara ya kielektroniki ya rafiki yako nayo ina nikotini. Usiniletee ubishi huo. Ukishindwa kuacha, mwambie daktari ukweli aahirishe. Kuahirishwa ni aibu ya siku moja.

Limebaki la barakoa unayojifichia uso.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilileta wanaume wengi waliopasuliwa nyuso kuliko madaktari walivyowahi kuona. Mpasuaji Harold Gillies, mzaliwa wa New Zealand, alifungua hospitali yao huko Sidcup, Uingereza, mwaka 1917. Mmoja wa wagonjwa wake, Luteni William Spreckley, alipoteza pua vitani. Gillies alichukua gegedu la ubavu, akalichonga, akalipandikiza kwenye paji la uso, akaliacha hapo miezi, kisha akalishusha lote pamoja na ngozi. Pua iliyotokea mwanzoni ilikuwa jitu, mara kadhaa ya pua ya kawaida, kiasi kwamba kila mtu alidhani kazi imeharibika. Wakangoja, wakapunguza, wakangoja. Alipotoka hospitali mwaka 1920 alikuwa na pua ambayo ukiiona pichani leo utauliza jeraha liko wapi.

Lakini pale Sidcup vioo viliondolewa wodini, na njiani kuelekea mjini kulikuwa na mabenchi yaliyopakwa rangi ya buluu ili wapita njia wajue kwamba anayekaa hapo ana uso utakaowashtua. Waliyafanya kwa huruma. Vita vya pili vilipokuja, binamu yake Gillies, Archibald McIndoe, aliwatibu marubani walioungua huko East Grinstead, na akafanya kinyume. Aliwatoa nje na mikonga yao ya ngozi, waende baa, waende sinema, akawaomba wenyeji wa mji wawatazame machoni na kuwasalimu. Mji ule ukajulikana kama mji usiokodoa macho. Mimi naona McIndoe alikuwa sahihi na mabenchi yalikuwa makosa, ingawa mke wangu hukataa. Anasema kila mtu ana siku zake za kukaa kwenye benchi la buluu. Labda. Lakini wewe umekaa miezi miwili.

McIndoe huyo alikuwa na shamba kwenye miteremko ya Kilimanjaro, na mwaka 1957 yeye, mwanafunzi wake Michael Wood na Mmarekani Tom Rees, wote wapasuaji wa kurekebisha viungo, walianzisha huduma ya madaktari warukao ya Afrika Mashariki, inayoitwa Amref leo. Ndege zile nyekundu na nyeupe ulizokuwa ukizikimbilia utotoni zilizaliwa na watu waliokuwa wakishona nyuso.

Na usidhani uko peke yako. Wengi niliowahudumia hawakuwa wa pikipiki. Walikuwepo waliong'atwa pua kwenye ugomvi, tena na watu wanaowajua. Walikuwepo ndugu zetu wenye ualbino ambao jua lilianza na kidonda kidogo kisichopona, wakapakwa majani mwaka mzima, na walipofika saratani ilikuwa imekula bawa zima. Moshi pale KCMC wanatengeneza mafuta ya kuzuia jua kwa ajili yao, na kofia pana inauzwa kila soko. Ukikutana na mmoja ana kidonda cha miezi miwili puani, mpeleke hospitali wewe mwenyewe, utoe barakoa yako umwoneshe kwa nini.

Alhamisi saa mbili asubuhi daktari anatusubiri kliniki. Nitakuwa stendi saa moja kamili, upande wa magari ya Muheza. Njoo na kile kitambulisho, hata kama sura ya pale huipendi. Pakiti ya sigara mwachie mwenye duka. Tutapanda gari, utakaa dirishani, na barakoa utaiacha nyumbani. Mtu akikukodolea macho, msalimu.

Mjomba wako.